Pointi za kurejesha mfumo: Windows 7 au Windows 10?
Kwa utunzaji, Windows 7 inampunguzia mtumiaji kazi, kwa kuwa kinga ya mfumo (System Protection), inayotengeneza pointi, yaani kumbukumbu za hali ya mfumo za kurudia ukiharibika, huwa imewashwa tangu mwanzo na pointi mpya hutengenezwa yenyewe zikipita siku 7 bila nyingine, ilhali kwenye Windows 10 kinga hiyo mara nyingi huwa imezimwa, na mwenyewe hugundua siku mashine imegoma. Nafasi ya diski ya kuhifadhi pointi hupangwa kwa asilimia kote kuwili. Kwa kutegemewa, Windows 10 ina njia ya pili, yaani kujiweka upya bila kufuta mafaili yako. Windows 7 iliyokaa kwenye mashine moja na Windows XP, toleo la zamani, ina balaa, maana XP ikiwashwa hufuta pointi za mwenzake. Mwenye mifumo hiyo miwili asitegemee pointi. Mwenye Windows 10 aandike sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafuta, afungue sehemu ya System Protection, aiwashe kinga.