TAHADHARI: unga wa "kulainisha damu" unaouzwa badala ya warfarini

Mnaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa mliowekewa valvu ya chuma kwenye moyo: kuna wauzaji kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza unga wa majani usio na lebo. Wanadai ni mimea tupu, unalainisha damu nzito, na ukiuanza uachane na vidonge vya hospitali kwa kuwa ni "kemikali". Msinunue.

Warfarini yenyewe asili yake ni mmea. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya klova (mmea wa malisho) yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Paul Link, Wisconsin, ilikipata kilichowaua, na katika kazi hiyo ikazaliwa warfarini, iliyoanza kuuzwa 1948 kama sumu ya panya. Kinachoifanya iwe dawa kwa binadamu ni miligramu zinazojulikana na INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) inayopimwa mara kwa mara. Kijiko cha unga hakina hata kimoja.

Mtego wao ni huu: "Acha vidonge siku tatu tu, utajionea." Kweli huoni kitu, kwa sababu warfarini ikiachwa nguvu yake huisha polepole, kama siku tano, ini likitengeneza upya protini za kugandisha damu. Siku hizo unalindwa na vidonge ulivyoacha, sifa anapewa muuzaji. Zikipita, damu huweza kuganda kwenye valvu ikakwama, au bonge likapanda kichwani ukapata kiharusi.

Kutumia vyote pamoja nako ni hatari. Majani mabichi yaliyosagwa huwa na vitamini K nyingi, INR inashuka. Mmea wa ginkgo au vitunguu saumu vilivyokolezwa huzidisha kuvuja damu. Bila lebo huwezi kujua umekunywa kipi.

Umeshaunywa? Usimeze dozi mbili za warfarini kufidia. Nenda kliniki siku hiyohiyo upimwe INR, na ubebe unga wenyewe. Lengo kwa wengi ni 2 hadi 3. Valvu ya chuma ya mitrali (ile ya upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini), 2.5 hadi 3.5. Kinyesi cheusi, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, mdomo kupinda au pumzi kubana: kimbilia hospitali, usisubiri kliniki.

Usifute namba ya muuzaji wala ujumbe wa malipo. Tanzania ripoti TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya Bodi ya Famasia na Sumu.