Kuchora grafu za waliokufa vitani kwa orodha ya bure ya CWGC: uzoefu wangu hapa Moshi

Naongoza wageni hapa Moshi. Wengi wanakuja kwa ajili ya mlima, lakini kila msimu hutokea mgeni wa Uingereza, India au Afrika Kusini anayeulizia mzee wa ukoo wake aliyepigana upande huu wa mpaka mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Zamani nilikuwa nawajibu kwa kusimulia tu. Siku hizi nawaonyesha grafu, na data naitoa kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, maarufu kama CWGC. Nawaandikia waongozaji wenzangu na walimu wa historia wa Kilimanjaro na Arusha. Huduma ni nzuri na ni bure, ila ina pengo moja kubwa ambalo lazima ulijue kabla hujamwekea mtu chati yake mezani.

Tume hiyo ilianzishwa tarehe 21 Mei 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, na leo inatunza kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 waliokufa wakitumikia Uingereza na makoloni yake katika vita vikuu viwili. Unaweza kutafuta kwa jina la mtu, kikosi, nchi au makaburi. Kilichonivuta zaidi ni kwamba majibu ya utafutaji unaweza kuyapakua yakiwa jedwali: jina, cheo, kikosi, tarehe ya kifo, umri pale unapojulikana, na mahali alipozikwa au jina lake lilipoandikwa. Ukishakuwa na jedwali, grafu ni kazi ya dakika chache.

Mimi nachorea kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali ambayo nayo ni bure na ikishaingia kwenye kompyuta haili bando. Simu inatosha kutafuta na kupakua, lakini kuchora kwenye kioo kidogo kunachosha. Kitu cha kwanza naangalia safu ya tarehe, kwa sababu programu za majedwali mara nyingine husoma tarehe kama maneno ya kawaida na hapo huwezi kuipanga. Kisha natengeneza safu mpya yenye mwezi na mwaka tu, naiambia programu ihesabu majina kwa kila mwezi, nachora nguzo. Basi.

Anza na makaburi ya Taveta, ng'ambo tu ya mpaka, ambako waongozaji wengi wa Moshi wanapeleka wageni. Nguzo zinasimama Februari na Machi 1916, na hapo historia ya eneo letu inajieleza yenyewe. Tarehe 12 Februari askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakarudishwa. Tarehe 11 na 12 Machi yakaja mapigano ya vilima vya Latema na Reata, na siku chache baadaye majeshi ya Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yakaingia Moshi. Mgeni anayeona nguzo hizo kabla ya kupanda gari hufika Salaita akijua anaangalia nini. Nimeona tofauti katika maswali yao, yanakuwa ya mtu aliyekwisha kufikiri.

Tanga nayo inafundisha jambo ambalo hesabu ya vifo peke yake haifundishi. Novemba 1914 Waingereza walileta watu kama 8,000, wengi wao askari wa India, na wakashindwa na kikosi cha kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, chenye watu kama 1,000. Sehemu kubwa ya kikosi hicho ililetwa kwa treni kutoka huku kwetu Moshi, kwa reli ya Usambara. Ukichora waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, nguzo ya Waingereza inapita 800 na ya Wajerumani na askari wao inaishia karibu na 150. Mtu anaona moja ndefu na moja fupi, anafunga daftari. Lakini gawanya kila moja kwa idadi ya walioshiriki, uchore upya. Waingereza walipoteza kama asilimia 10, Wajerumani kama asilimia 15. Mshindi ndiye aliyeumia zaidi kwa kadiri ya watu aliokuwa nao, na hilo huwezi kuliona mpaka uweke ushiriki na hasara kwenye grafu moja. Kwa mwalimu, hili pekee ni kipindi kizima cha darasa.

Mahiwa, kusini karibu na Lindi, Oktoba 1917, inatisha zaidi. Upande wa Waingereza waliingia watu kama 4,900, na zaidi ya nusu yao walikufa, kujeruhiwa au kupotea katika siku nne. Wengi wao walikuwa Waafrika, askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Kumbuka tu kwamba orodha ya CWGC ni ya vifo peke yake. Ukichukua hesabu ya mapigano kutoka kitabuni na hesabu ya makaburi kutoka kwenye orodha, usiziweke kwenye mhimili mmoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Na usishangae ukiona nguzo baada ya Novemba 1918. Tume inahesabu vifo vya Vita vya Kwanza kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921. Aliyekufa kwa homa ya mafua kambini mwaka 1919 yumo, na aliyekufa kwa majeraha yake mwaka mmoja baadaye naye yumo.

Sasa pengo lenyewe.

Nilikuwa na chati zangu kwenye geti la Machame tukisubiri mizigo ipimwe, na wapagazi wetu wakazikusanyikia. Mmoja akauliza nguzo ya wapagazi ni ipi. Swali hilo lilibadilisha namna ninavyotumia huduma hii.

Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo sehemu kubwa ya unga na risasi ilikwenda kwa miguu ya watu. Upande wa Waingereza waliandikishwa wapagazi karibu milioni moja katika kipindi chote cha vita, wakati King's African Rifles, hata ilipofikia ukubwa wake wa mwisho mwaka 1918, ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 30,000. Wanajeshi wa upande huo waliokufa huku ni kama 10,000, na maradhi yaliua karibu mara mbili ya waliouawa vitani. Wapagazi waliokufa ni karibu 95,000. Waliondoka kwa kuhara damu, malaria na kichomi, kwa unga ambao haukuiva na kwa kulala kwenye mvua bila blanketi.

Chora nguzo hizo mbili, 10,000 na 95,000. Kisha chora viwango. Katika wanajeshi wa Uingereza yenyewe, kwa vita vyote na pande zote za dunia, alikufa kama mmoja kati ya wanane. Katika wapagazi wa Afrika Mashariki alikufa karibu mmoja kati ya kumi. Watu wasio na bunduki walikufa kwa kiwango kinachokaribia kile cha wanajeshi waliokuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa. Hakuna grafu nyingine niliyowahi kuonyesha iliyonyamazisha watu kama hii, wageni na wenyeji.

Lakini grafu hii huwezi kuitoa kwenye orodha. Ukipakua majina ya Tanzania na Kenya na kuchora kwa vyeo, unapata maofisa, masajenti na askari wa kawaida, na wapagazi wanaonekana kama kikundi kidogo, kinyume kabisa na ukweli. Tume yenyewe imekiri jambo hili. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikasema pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Naiheshimu kwa kuandika namba hizo hadharani, na bado naona ni haki kudai zaidi. Inawezekana, kwa sababu Januari 2025 ilifunguliwa kumbukumbu Cape Town yenye majina ya watu zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi vya Afrika Kusini, ambao kwa zaidi ya miaka mia hawakuwa na jiwe. Sisi tuna sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, tangu 1927, isiyo na jina la mtu hata mmoja.

Leo mzigo wa mpagazi mlimani unapimwa getini na ukizidi kilo 20 anapunguziwa. Babu zao walibeba zaidi ya hizo, na vifo vya wengi wao havikupata hata mstari mmoja kwenye jedwali. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kila unapochora grafu kutoka kwenye orodha, weka pembeni yake nguzo moja tupu, isiyo na rangi, ya wapagazi, na andika chini yake kwamba ni makadirio. Usiiache nje eti kwa sababu data yake haina majina.

Yapo mengine madogo. Sababu ya kifo mara nyingi haimo kwenye jedwali, hivyo huwezi kutenganisha risasi na maradhi kama muuguzi wa Kiingereza Florence Nightingale alivyofanya mwaka 1858 kwa vita vya Crimea. Wajerumani na askari wao inabidi uwatafute kwingine, na wapagazi wa upande wao hesabu yake ni makisio matupu. Vita vya Pili vimo, hadi 31 Desemba 1947. Vita vya Kagera havimo kabisa.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Nne ni kwa urahisi, kwa kuwa bure, na kwa kukuruhusu uchukue data uifanyie kazi mwenyewe badala ya kukupa picha iliyokwisha kuchorwa. Ya tano naiweka mpaka majina ya wapagazi yaingie kwa wingi. Mwalimu wa kidato cha nne anayefundisha vita vikuu asiogope kuitumia. Wanafunzi watano na kompyuta moja wanatosha, mradi awape pia kazi ya kutafuta idadi ya walioshiriki, maana orodha haitawapa.

Kwa waongozaji: tafuta kwa jina la makaburi kama Tume inavyoliandika, mfano Taveta Military Cemetery, pakua na uchore ukiwa nyumbani, kisha chapisha kwenye karatasi kubwa uipige plastiki. Mtandao njiani hukatika, na chini ya jua la Taveta kioo cha simu hakisomeki.