Linux Mint kwenye laptopu ya nyumbani: mashine haina neno, kazi iko kwa kijana wa stesheneri

Windows 10 ndo hivyo tena, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na bado nasikia watu wanaambiana eti laptopu zao zitazimwa. Hazizimwi. Itawaka kama kawa, Word itafunguka, muvi zitacheza, ila zile apdeti za kuziba matundu ya usalama ndo zimekata, na mashine ambayo humohumo tunaingilia benki na kufungulia imeli za kazi mimi siitaki bila apdeti. Windows 11 nayo inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (kijichipu cha usalama), sasa huku mitaani tumejaa HP EliteBook 840 G3, zile used za kutoka nje, ndani i5 ya kizazi cha 6, ram GB 8, kibodi imara, mashine nzima kabisa haina kosa lolote zaidi ya mwaka wa kuzaliwa. Najua mafundi wanailazimisha Windows 11 ikae humo, inakaa kweli, lakini Microsoft wenyewe wameshasema mashine zisizofikia vigezo hazina uhakika wa kupata apdeti, sasa si umerudi palepale.

Kwa hiyo laptopu ya sebuleni nikaipiga Linux Mint 22, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ile yenye muonekano wa Cinnamon, na sasa imeshakaa vya kutosha naweza kuisema.

Mint yenyewe ipo toka 2006, aliianzisha Mfaransa mmoja anaitwa Clement Lefebvre, imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine hiyo, ni ya bure, hakuna crack wala namba ya kumbembeleza fundi akutumie WhatsApp. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na apdeti zake zinaenda mpaka 2029. Faili la kushusha ni karibu GB 3 kwa hiyo subiri bando la usiku, halafu unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher (flashi inafutwa yote, toa picha za harusi kwanza), unazima mashine, unawasha huku unabonyeza F9 kama ni HP, Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kinachofuata ndo nilichokipenda kuliko vyote, maana inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Unakaa nayo, unajaribu waifai, sauti, mwanga wa skrini, unacheza video, ukiona haikufai unachomoa na Windows yako iko palepale. Mafundi wengi huwa wanairuka hatua hii na sijui kwa nini. Wenye kadi za waifai za Broadcom ndo waijaribu kwa makini zaidi, zile mara nyingi zinataka draiva yake kwanza, unaunga simu kwa waya wa USB, unashea data, unafungua Driver Manager inajitafutia yenyewe.

Sasa wenye nyumba. Bi mkubwa yeye matumizi yake ni YouTube na WhatsApp basi. Humo ndani kuna kitu kinaitwa Web Apps, unakipa anuani ya tovuti kinakutengenezea ikoni yake kwenye menyu, nikamuwekea mbili. Alichouliza ni kimoja tu, picha ya wajukuu iliyokuwa nyuma ya skrini imeenda wapi. Tukairudisha, kesi imeisha.

Aliyesumbuka ni dogo wa chuo, na huyo ndo mtaalamu wa familia, ndo tunayempigia simu sote. Anafungua mafaili anatafuta C na D, hakuna. Anabofya kulia kwenye skrini atafute Refresh (jamani hii tabia ya kurefresh skrini tupu tulifundishwa na nani?), haioni. Kitu kimeganda anabonyeza Ctrl+Alt+Delete anaulizwa kama anataka kutoka kwenye akaunti. Anashusha programu inakuja .exe, anabofya, wapi. Yote anayoyajua kwa vidole yanamgomea, na mtu aliyezoea kuwa fundi akigeuka mwanafunzi ndani ya nyumba yake anakasirika, anasema Linux ni ya mahacker. Sio. Ni kwamba programu unazichukua Software Manager, unaandika jina, unabonyeza install, unaweka paswedi, imeisha, ni kama Play Store ya simu anayoitumia kila siku bila kulalamika. Ila hapo kwa wenzangu wa mabando nawapa tahadhari: programu moja unaweza kuikuta kwa namna mbili, ya kwenye mfumo wenyewe na ya Flatpak. Ya mfumo mara nyingi ni ndogo, ya Flatpak mara ya kwanza inaweza kuvuta na mizigo yake mingine ukashangaa GB nzima imeondoka kwa programu ya kusomea PDF. Angalia palipoandikwa System Package chukua hiyo. Apdeti za mfumo nazo hazikuburuzi, ngao inakaa pale chini inakuonyesha zipo, unazichagua mwenyewe, ukiwa na bando. Hakuna ile ya kuwasha mashine asubuhi una haraka ikwambie subiri asilimia 30.

Twende kwa mama watoto maana huyo ndo mtihani wenyewe, kwa maana zote. Anafundisha msingi, anatunga mitihani, na mitihani yote iko kwenye Word. Mint inakuja na LibreOffice, programu za ofisi za bure, na Word ya Microsoft kwenye Linux haipo, kuna ile ya kwenye brauza tu ambayo ukikatika mtandao umekwama. LibreOffice inafungua docx, yaani mafaili ya Word, vizuri kuliko wanavyoisema. Maandishi ya Times New Roman hayahami ukiwa na fonti inaitwa Liberation Serif, imetengenezwa herufi zake zina upana uleule, na Calibri nayo ina pacha wake anaitwa Carlito. Kinachohama ni madoido: picha zinazoelea, visanduku vya maandishi, WordArt, zile nukta za kujazia jibu ambazo mtu kazigonga kwa mkono badala ya kutumia kitufe cha Tab, na kile kijedwali cha pembeni cha kuandikia maksi. Karatasi iliyotengenezwa upya humohumo haina tatizo, ila zile za miaka mitano nyuma ambazo zimepita mikononi mwa walimu kumi kila mmoja na mbwembwe zake, hizo kaa uzipange upya. Kazi ya jioni, sio ya dakika.

Halafu stesheneri. LibreOffice ukiiacha ilivyo inasevu .odt, unapeleka flashi, yule kijana anaangalia anakwambia "madam faili lako limekufa". Halijafa, ila foleni iko nyuma yako na yeye hana muda. Dawa ni mbili na zote fanya siku ya kwanza kabisa: ingia Tools, Options, Load/Save, General, pale kwenye Always save as chagua Word, isevu docx siku zote, na kitu cha kuprinti usipeleke docx kabisa, bonyeza ile ikoni ya PDF juu, peleka PDF, kitatoka kama kilivyo hata kijana awe na Word ya mwaka gani. Baada ya hapo malalamiko yalipungua sana ndani ya nyumba. Na kuna zawadi moja mama watoto kaifurahia kuliko mimi, unaweka kifurushi cha hunspell-sw, kamusi ya kukagua tahajia, unachagua lugha Kiswahili na ile mistari myekundu chini ya kila neno inaondoka, inabaki kwenye yale ambayo kamusi haiyajui, na hayo nayo yapo. Wakongwe wa Mlimani watakumbuka Kilinux, ule mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyohiyo, walijitenga 2010.

Flashi zikirudi kutoka stesheneri zinarudi na zile shotikati, mnazijua, folda zote zimegeuka shotikati. Kwenye Mint kirusi cha Windows hakiwaki, na folda zako halisi zilizofichwa mara nyingi unaziona zimekaa tu pembeni ya zile za uongo, unafuta za uongo umemaliza. Hii peke yake kwa nyumba ya mwalimu ina thamani. Ila kuna adabu ya flashi ambayo Windows ilitudekeza: ukikopi muvi, mstari unaweza kufika mwisho huku data bado inaandikwa chinichini, ukichomoa hapo unaenda kwa jirani na nusu muvi. Bonyeza alama ya eject subiri ikuruhusu. Muvi zenyewe, hata zile za madijei wa kutafsiri, zinacheza zote, hakikisha tu wakati wa kuinstoli umeweka tiki kwenye codecs (vifurushi vya kuchezea video na muziki) na intaneti ipo.

Printa ni bahati nasibu, nisikudanganye. Za HP nyingi zinaingia zenyewe, baadhi ya LaserJet ndogo zinaomba nyongeza ya HPLIP, draiva za HP za Linux, unaikubali. Zile Epson za matenki ya wino draiva zake zipo. Kuna aina nyingine draiva ya Linux unaifuata tovuti ya kampuni na kuiweka sio rafiki kwa mtu wa kawaida. Ijaribu ukiwa bado kwenye flashi.

Nani asihamie? Photoshop haipo, AutoCAD haipo, QuickBooks ya kwenye kompyuta haipo, na yale mafaili ya Excel yenye makro nzito usiyategemee. Kuna Wine inayojaribu kuendesha programu za Windows na wakati mwingine inaweza, ila mtu anayelipwa kwa programu hizo asiweke riziki yake kwenye "wakati mwingine". Magemu ya kucrack ya watoto vilevile. Huyo anaweza kuweka zote mbili kwenye diski moja achague wakati wa kuwasha, au abaki na Windows 10 ajiunge na ule mpango wa ESU, unampa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, ni dola 30 au bure ukikubali kusawazisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft.

Fundi wa mtaani naye mjue mapema, ukimpelekea mashine ina Mint kwa tatizo lolote, hata kibodi, jibu lake ni "tupige window". Mwambie hapana kabla hujaondoka, tena mwambie mara mbili. Na ukiharibu kitu mwenyewe kuna Timeshift, inapiga picha ya mfumo unarudi nayo ulikokuwa, mafaili yako haiyagusi, lakini haijiwashi, iwashe siku ileile.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano, ile moja imebaki kwenye printa na vile vijedwali. Mwenye ram GB 4 achukue Mint ya Xfce badala ya Cinnamon, ni nyepesi zaidi. Na kama ndani bado kuna diski ile ya kuzunguka, pesa ya kwanza nunua SSD, hata ndogo ya GB 120, kabla hujagusa habari za Linux wala Windows.