Kill 'Em All kwenye santuri: upande wa kwanza umejazwa mno, lakini inunue

Mashine ya santuri nyumbani kwetu Tanga ni ya mzee wangu, fundi redio mstaafu. Miaka yote imezoea Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na taarabu. Mwezi uliopita nikaiwekea Kill 'Em All, sahani ya kwanza ya Metallica, bendi ya Marekani ya metali, muziki mzito wa magitaa. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, mzee akachungulia mlangoni, kofia mkononi. "Mwanangu, hawa wanakimbizwa na nani?"

Ana haki ya kuuliza. Hawa walikuwa watoto. Walirekodi Mei 1983 huko Rochester, jimbo la New York, James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, na Lars Ulrich wa ngoma wakiwa na miaka 19, Kirk Hammett wa gitaa 20, na mkubwa wao, Cliff Burton wa besi, 21. Hammett alikuwa na wiki chache tu kwenye bendi. Mpiga gitaa aliyemtangulia, Dave Mustaine, alifukuzwa Aprili na kupandishwa basi kurudi California, akaunda bendi yake, Megadeth. Lakini alifukuzwa yeye, kazi yake ikabaki: nyimbo nne kati ya kumi zina jina lake kwenye orodha ya watunzi. The Four Horsemen ni yake kwa asili, na mwaka 1985 aliipiga upya na Megadeth, kwa kasi zaidi na maneno mengine, kama mtu anayedai shamba lake.

Waliogharamia ni mume na mke, Jon na Marsha Zazula, waliokuwa wakiuza santuri kwenye gulio huko New Jersey. Walianzisha kampuni yao ya santuri, Megaforce, kwa sababu kampuni kubwa hazikutaka kelele hizi. Jina la kwanza la sahani lilikuwa tusi, wasambazaji wakalikataa, na Burton kwa hasira akasema basi wauawe wote. Ndilo jina lililobaki.

Nakala yangu ni toleo la 2016, la kampuni ya Metallica wenyewe, Blackened, sahani nzito ya gramu 180. Ni ya pili. Ya kwanza niliiagiza kwa duka moja la mtandaoni, ikafika imepinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka mithili ya ngalawa. Nilirudishiwa nusu ya pesa, nikanyamaza. Hii binamu yangu aliibeba kutoka Uingereza, katikati ya nguo za mtoto, na ikafika imenyooka. Ukiweza kupata mtu wa kukubebea, usiiamini posta.

Sasa sauti. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwendo haubadiliki. Lakini duara la ukingoni ni kubwa na la karibu na lebo ni dogo, kwa hiyo kadiri sindano inavyoingia ndani, sekunde ileile ya muziki inachongwa kwenye kipande kifupi zaidi cha mfereji. Sauti za juu ndizo zinazoumia. Na upande wa kwanza wa sahani hii una nyimbo sita, karibu dakika 28, ambazo ni nyingi. Ili mifereji itoshe lazima isogezwe karibu karibu, sauti ipunguzwe, besi ibanwe. Halafu, katika nyimbo zote, wamemweka nani mwisho kabisa, pale pembamba? Whiplash, wenye mwendo wa kichaa. Kwenye mashine yetu matoazi ya Ulrich pale yanageuka mafuta yanayokaanga dagaa. Nilibadilisha sindano, nikapima uzito wa mkono unaobeba sindano kwa mizani ndogo ya sonara jirani, ikapungua lakini haikuisha. Upande wa pili una nyimbo nne, dakika 23 na nusu hivi, na unapumua vizuri zaidi. Hapo No Remorse na Seek & Destroy zinasikika kama zilivyokusudiwa: mkono wa kulia wa Hetfield unapiga nyuzi kwa kushuka tu, kiganja kimezibana karibu na daraja la gitaa, zinapofungwa nyuzi, kila pigo limekauka kama mlango unaofungwa.

Sauti yake ya kuimba ni kitu kingine. Bado ni ya kijana, inapanda hadi inakaribia kupasuka. Jump in the Fire naiona ndiyo dhaifu, imetengenezwa ili ipendwe, na inajulikana. Metal Militia ni ndefu kuliko ilichonacho, ingawa ile miguu ya askari inayotembea mwishoni huwa naisubiri.

Kilichonifanya niipende kwenye santuri ni wimbo wa tano, Pulling Teeth. Inasikika sauti ya fundi mitambo akitangaza besi peke yake, kisha Burton anaanza. Anapitisha besi kwenye vifaa vya kukwaruza sauti na vya kuivuta mpaka huwezi kujua ni chombo gani. Mzee alikuwa amekaa na kahawa yake. Aliinuka, akaenda kwenye spika ya kushoto, akagusa karatasi yake kwa ncha ya kidole, polepole, pembeni mwote.

"Imepasuka hii."

"Haijapasuka, baba. Ndivyo anavyopiga."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Akasikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Nikamwambia huyu kijana alifariki 1986 huko Sweden, basi la bendi lilipopinduka, akiwa na miaka 24. Akasema inna lillahi, akaomba nirudishe.

Jalada ni lilelile: nyundo sakafuni, dimbwi la damu, kivuli cha mkono uliokwisha kuiachia. Kwa ukubwa huu unaona mpaka mng'ao wa damu, jambo ambalo kwenye simu hulipati. Mama ameligeuza lielekee ukutani, na sikumpinga.

Ukiwa na mashine ya bei rahisi, ile ya sanduku yenye spika zake ndani, utasikia kero za upande wa kwanza mara mbili yake. Tafuta kwanza sindano nzuri. Nakala za Megaforce za 1983 waachie wanaokusanya, bei zake si za kusikilizia muziki. Hii ya 2016 inatosha.

Kwa mzee tumeafikiana: upande wa pili upigwe mchana tu. Upande wa kwanza anauweka mwenyewe. Anainamisha miwani, anahesabu mistari inayotenganisha nyimbo, anashusha sindano palepale besi inapoanzia, na kabla Whiplash haijafungua mdomo ameshainyanyua.