ShareX: picha za skrini zinajipanga zenyewe

Mimi ni katibu wa kikoba chetu Mbagala, na kila muamala wa benki naupiga picha ya skrini kwenye kompyuta ya nyumbani. ShareX ni programu ya bure ya kupiga picha za skrini, kwa Windows. Nabonyeza Ctrl na Print Screen, nachagua eneo, basi. Picha inajihifadhi kwenye folda ya mwezi wake, 2025-03 mbali, 2025-04 mbali. Mwenyekiti akiulizia risiti ya Machi, naipata papo hapo.

Namba za akaunti za wenzangu nazifunika kwa mstatili mweusi humohumo kabla ya kutuma WhatsApp. Usitumie ukungu (blur), tarakimu zaweza kusomeka bado! Menyu ni nyingi mno, mgeni atachoka. Kabla ya yote, hakikisha kipengele cha kupakia picha mtandaoni kimezimwa.