Pikipiki kubwa ya safari ndefu kwa mtu wa Tanga: uanze kutafuta ipi

Wadau, maswali ya pikipiki kubwa ya kusafiria yamekuwa mengi hapa mjini na karibu kila anayeuliza anaanza na spidi, inafika ngapi, inachomoka vipi, basi ntaandika ninavyoona mimi na ntazipanga kabisa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Nazungumzia mashine za cc 1000 kwenda juu zenye kava la upepo, siti ambayo watu wawili wanakaa kweli na maboksi ya pembeni, sio zile za kulalia tanki kama uko kwenye mashindano. Ninayemwandikia ni mtu anayekaa Tanga, ana mke, ana ndugu Dar au Moshi au Mombasa, na anataka kutoka alfajiri afike huko akiwa bado ana nguvu ya kusalimia watu.

Kwanza hiyo cc kubwa ni ya nini. Sio ya kukimbia 250, barabara zetu hazina nafasi hiyo na hata ukiipata ng'ombe wa mtu atakukuta katikati. Angalia njia yenyewe, toka Segera, Korogwe, Mombo mpaka Same ni kijiji baada ya kijiji, kila kijiji kina 50 na matuta na trafiki na tochi yake chini ya mti, kwa hiyo kazi yako siku nzima ni kushuka mpaka 20, kupanda tuta, kupanda mwendo tena, afu mbele kuna lori mbili zimefuatana. Hapo unataka injini yenye nguvu ya chini, yani umetoka kwenye tuta na gia ya tatu unafungua tu inavuta bila kutetemeka wala kudai gia ya pili, na ukiona nafasi ya kuovateki unaimaliza haraka unarudi upande wako. Na uivute hivyo ukiwa na mama watoto nyuma na maboksi yamejaa. Hiyo ndo faida ya cc 1300, mengine ni sifa za kijiweni.

Halafu joto, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Maelezo mengi tunayosoma yanaandikwa na watu wa Ulaya ambao joto la injini miguuni kwao ni raha miezi mingi ya mwaka. Wewe uko Tanga mwezi wa pili, unyevu wa bahari, jua la saa saba. Panda nayo Lushoto kutokea Mombo, kona juu ya kona kilomita thelathini na kitu, uko nyuma ya Fuso gia ya kwanza, kuovateki haiwezekani, upepo hakuna, feni ya rejeta inawaka na hewa yake inatokea pembeni ya kava inakupiga goti, baada ya dakika chache jinzi imekuwa ya moto hutaki iguse paja na unaendesha magoti umeyapanua nje. Mashine inayokufanyia hivyo utaiuza ndani ya mwaka hata iwe nzuri vipi. Kwa hiyo ukiijaribu usiijaribu asubuhi, ijaribu mchana, na usikimbie, zunguka nayo taratibu Ngamiani kwenye foleni mpaka feni iwake ndo utajua unanunua nini.

Cheni au shafti? Shafti ni ule mhimili wa chuma uliofungiwa ndani unaozungusha tairi ya nyuma badala ya cheni, na kwa pwani mimi ni shafti bila ubishi. Mchanga wa huku ni mlaini na una chumvi, ukienda tu ufukweni au ukitoka nje ya lami kidogo upande wa Pangani unarudi cheni imejaa, ile oili uliyopaka imeshika mchanga imegeuka tope jeusi linalosaga sproketi kila inapozunguka. Cheni ya mashine kubwa na sproketi zake huzikuti duka la spea za bodaboda, unaagiza Dar au Nairobi na unasubiri. Shafti unabadilisha oili ya difu kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu na unaisahau. Inaongeza uzito ni kweli, lakini mtu anayesafiri hana muda wa kupiga magoti kila jioni na brashi.

Uzito wenyewe msiudharau. Ukiwa kwenye mwendo kilo 300 huzihisi, utazihisi kwenye kokoto nje ya nyumba ya kulala wageni, mke bado hajashuka, sehemu imeinama kidogo na miguu yako haikanyagi vizuri. Kama huwezi kuisukuma kinyumenyume peke yako kwenye sakafu tambarare, achana nayo.

Haya sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Yamaha FJR1300 na sioni ya kuishusha kwa matumizi yetu. Ilitoka 2001, silinda nne, cc 1298, shafti, tanki la lita 25, na ikiwa imejaa kila kitu inacheza kwenye kilo 290. Kwa mwendo wa kistaarabu na mzigo inakula kama lita moja kwa kilomita 16 mpaka 18, kwa hiyo ukijaza Tanga unafika Dar bila kusimama kituoni, ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze, japo mwili wenyewe utataka kusimama. Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa swichi, na hii sio urembo, ukiwa Lushoto kwenye baridi unakipandisha, ukishuka Mombo kwenye tanuru unakishusha upepo ukupige kifuani. Kila boksi la pembeni linameza helmeti nzima. Tairi zake ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote rimu 17, saizi ambayo pikipiki kubwa nyingi zinavaa kwa hiyo hata tairi ikikufia safarini kuna mtu Dar au Arusha atakuwa nayo.

Ila FJR sio moja, chagua mwaka. Zile za mwanzo mpaka 2005 zina joto la miguu na baadhi yake zilikuwa na tatizo la gaidi za valvu za ekzosi, yani vile vibomba vidogo ambavyo valvu inapita ndani yake, injini inagonga tik tik tik, usichukue kama hujamleta fundi mwenye masikio. Kuanzia 2006 walirekebisha njia ya hewa ya moto na inavumilika. Lakini za 2006 mpaka 2009 kuna kitu cha waya, zile soketi zinazokusanya nyaya za hasi, zinapata moto na kutu halafu mashine inaanza vituko, dashibodi inazima, inawaka, inakufa barabarani. Kwetu hapa na chumvi ya bahari ni balaa zaidi, ukivua kava ukaichomoa soketi utakuta kutu ya kijani imejaa kwenye pini na plastiki imebadilika rangi. Sio ugonjwa wa kukimbia mashine, fundi umeme anayejua anaunganisha zile nyaya pamoja kwa solda na kuzipeleka moja kwa moja kwenye bodi na imekwisha, ila dai lishushwe kwenye bei. Kama mfuko unaruhusu tafuta ya 2013 kwenda mbele, ina krusi kontro, ile inayoshika mwendo yenyewe, na kizuia kuteleza kwa tairi ya nyuma, na ya 2016 iliongezwa gia ya sita. Kupima valvu ni kila kilomita 42,000, kwa mtu wa safari za sikukuu na misiba hiyo ni miaka.

Ya pili watu watanishangaa, ni Suzuki Bandit 1250S. Haina shafti, haina kioo cha umeme, maboksi utanunua pembeni, na bado naiweka hapa kwa sababu ya injini. Ilianza 2007, cc 1255 inayopozwa kwa maji, na nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye mizunguko 3,700 hivi, chini kabisa, yani ndo ile injini ya matuta niliyoisema hapo juu, gia ya nne unaingia kijijini na gia ya nne unatoka. Ni mashine rahisi, makorokoro ya kompyuta machache, fundi mzuri wa kawaida anaielewa. Inapungua FJR kilo kama 40 na kwenye kokoto utaniombea dua. Tanki ni lita 19, kwa hiyo Dar unasimama mara moja. Cheni ndo hivyo, nunua ile nzuri yenye ringi za mpira, isafishe kwa mafuta ya taa sio petroli maana petroli inaua zile ringi, na beba kopo la oili. Kijana mwenye hela ya kubana anayetaka kuonja safari kubwa aanzie hapa. (Yule wa peke yake asiye na abiria anaweza kuangalia Kawasaki Z1000SX pia, cc 1043, nyepesi na kali, ila siti ya nyuma mke atakusema.)

Ya tatu BMW R1200RT, na nakwambia kwa raha ya kuendesha hii ni namba moja. Silinda mbili zimelala moja kulia moja kushoto, kwa hiyo uzito uko chini na mashine inageuka kwenye kona za Lushoto kama baiskeli, na kuseti valvu unafungua vifuniko viwili vilivyo nje nje hapo, fundi anakaa kwenye kigoda anamaliza, wakati hizi za silinda nne unavua nusu ya pikipiki kabla hujaiona valvu yenyewe. Joto la miguuni ni dogo na kava lake la upepo ni zuri kupita zote hapa. Kinachoishusha ni vipuri na kompyuta. Za kuanzia 2005 zina historia ya difu ya nyuma kufa, shika tairi ya nyuma juu na chini uitikise, ikicheza ondoka. Zile za 2014 zilizoanza kupozwa kwa maji na zenye shokapu ya umeme, BMW wenyewe waliwaambia wenye nazo wasiziendeshe mpaka shokapu ya nyuma ibadilishwe, kwa hiyo ukikutana nayo uliza karatasi ya kazi hiyo. Ukiwa na mtu wa uhakika wa kukuletea spea, ipandishe mwenyewe mpaka juu.

Ya nne Honda ST1300, Pan European. V4, yani silinda nne zilizopangwa kama herufi V, ya cc 1261, shafti, na tanki la lita 29, hakuna nyingine kwenye orodha hii inayobeba hivyo. Injini za aina hii zinaenda na kwenda, wanaozijua wanaziheshimu. Ila inazidi kilo 320 ikiwa imejaa, ina joto, na tairi ya mbele ni rimu 18 ambayo kuipata huku ni kazi, agiza ya akiba kabla ya kuihitaji. Kuna pia habari ya kuyumba kwenye spidi kubwa, baadhi ya vikosi vya polisi Uingereza viliziondoa kazini mwaka 2007 kwa sababu hiyo. Kwa mwendo wetu na maboksi yasiyojazwa kupita kiasi sioni shida, ila tairi zilizolika na boksi kubwa la nyuma usivichanganye.

Kawasaki 1400GTR naiweka ya tano. Nguvu imezidi, cc 1352 ya ukoo wa ZX-14, pikipiki yao ya kukimbia, shafti ipo, tanki lita 22. Tatizo ni joto kwa za 2008 na 2009, na inapenda barabara iliyonyooka kuliko vijiji. Kuanzia 2010 waliboresha kava na breki, kama unaitaka chukua hizo tu.

Ya mwisho BMW K1600GT ya silinda sita. Ni mashine tamu na inavuta toka chini kabisa, lakini cc 1649, umeme kila mahali, spea zote za kuagiza, siku ikigoma Hedaru hakuna wa kukusaidia zaidi ya mwenye lori la kuibeba. Kwa mtu wa Tanga sio.

Chochote utakachochagua, ikitoka Japani omba picha ya pembeni ya tairi, kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Mashine inaweza kuwa imetembea kidogo na inang'aa lakini imekaa stoo miaka, tairi zimekauka, na tairi zikiwa hivyo ujue sili za shokapu na mipira ya breki navyo viko njiani, weka gharama hiyo kwenye hesabu toka mwanzo. Leseni ya A1 haikuhusu hapa, pikipiki inayozidi cc 125 ni daraja A, kaishughulikie wakati mzigo uko melini. Na kabla hujatuma hela mpe wakala wa forodha mwaka, cc na bei ya mashine, akupe jumla ya ushuru na gharama za bandari kwa maandishi, maana wengi wanaokwama wanakwama hapo na sio kwenye bei ya pikipiki.