Bima kubwa ya pikipiki yangu: "Mwenyewe yuko wapi?"

Mnaniuliza kama pikipiki ya bei ikatiwe bima kubwa, ile inayolipa hata chombo chako mwenyewe. Mwenye haraka ya jibu, jibu langu ni hili: msiinunue bima kubwa. Kateni ile ya sheria tu, thadi pati, inayomlipa mtu mwingine uliyemuumiza, na pesa inayobaki iwekeni mahali msipoweza kuigusa kirahisi. Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haijanitoka, kwa hivyo nisomeni hadi chini kabla hamjanishika neno.

Injini na mbio za pikipiki yangu sitaeleza, hayo yako kila mahali. Ni pikipiki kubwa, si ya kubebea abiria, kilo mia mbili na ushei, na hadi kuingia barabarani na namba yake ilikuwa imenimeza shilingi 1,200,000. Pesa zangu. Ni miaka ya kuweka chama na kazi ya klaringi bandarini, na kipande cha shamba nilichouza, ndugu zangu wakanisema hadi leo. Nalitaja hili la pesa za nani kwa sababu ndipo niliposhikwa pabaya baadaye.

Wakala alinipigia hesabu ya bima kubwa, ile komprehensivu, kwa asilimia 5 ya thamani. Hiyo ni 60,000. Ukiongeza tozo ya mafunzo, tozo ya mfuko wa fidia kwa wenye bima na stempu ya shilingi 40, inakuwa 60,310. Nililipa bila kunung'unika. Mwaka wa pili thamani ikashushwa hadi 1,100,000, nikalipa tena. Miaka miwili, zaidi ya 115,000, na sikuwahi kuwasumbua hata kwa simu.

Nikaanguka Likoni, kwenye feri.

Ilikuwa asubuhi moja kabla ya kusi kuanza, natoka ng'ambo kuja kisiwani Mombasa. Kulikuwa bamvua na maji yamekupwa. Anayevuka kila siku anajua maana yake: maji yakitoka, ule mlango wa chuma wa feri unalala vibaya, na unaposhuka unakuta mlima mbele yako. Chuma kimelowa maji ya chumvi, juu yake mafuta ya malori. Mbele yangu mkokoteni wa viazi, vijana wawili wanausukuma. Nikaweka gia ya kwanza, nikawafuata polepole. Wakasimama ghafla. Nikagusa breki, kugusa tu, gurudumu la nyuma likaenda upande wake.

Kasi haikuwepo. Mtu anayetembea angenipita. Lakini uzito ule ukishaanza kulala hauushiki. Nililala nao ubavu wa kushoto, na mlio wa plastiki ikisagika juu ya chuma bado ninao masikioni. Harufu ya petroli. Honi nyuma. Vijana wa mkokoteni wakaacha mzigo wao, wakaja na wengine wanne, "Haya, moja, mbili," wakaisimamisha. Mtoto mmoja mwenye sare ya shule alikuwa amechutama anaokota, akaja akanifungulia kiganja akaniwekea indiketa yangu, rangi ya machungwa, nyaya mbili bado zinaning'inia, na vipande vya kioo cha pembeni. "Shika, mama." Ile indiketa iko kwenye mkoba wangu mpaka leo. Sijui kwa nini siitupi.

Tangi limebonyea, kava la ubavu limepasuka, mkono wa klachi umekatika ncha, usukani umepinda, kioo hakuna. Bega langu nalo lilivimba, ila hilo ni langu mwenyewe, bima hii haihusiki nalo. Nikaenda kituo cha polisi nikaandikisha, nikapewa abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, hapo sina lalamiko.

Sasa ofisini. Iko mjini, si mbali na Mapembeni, jina la kampuni silitaji. Nilipanda ngazi na bahasha yangu: fomu, abstrakti, nakala ya logibuku yenye jina la mwenye pikipiki, leseni, kitambulisho, picha. Mezani pa madai kakaa kijana, ameinamia simu.

"Assalaam aleikum."

Kimya. Nikasema labda si wa salamu hiyo. "Hujambo, kaka?"

Kimya. Jamani, Mombasa hii hata mtu mliyegombana jana unamjibu salamu kwanza, ndipo muendelee na ugomvi wenu. Yeye alinyoosha mkono bila kuinua macho, akavuta bahasha, akafungua logibuku. Hapo ndipo aliponitazama.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"La, mwenye pikipiki. Aliyekuwa akiendesha."

"Ndiye mimi. Jina hilo hapo ni langu na leseni hiyo ni yangu."

Akatazama picha ya kitambulisho, akanitazama mimi na buibui nililotupia juu ya suruali, akarudi kwenye picha. "Basi mwambie mzee aje mwenyewe, itakuwa rahisi."

Mzee gani? Sina mzee. Nina watoto wawili na pikipiki moja, na hiyo ofisi ina risiti zangu mbili za malipo zenye jina langu. Siku ya kupokea 60,310 hakuna aliyeniuliza mzee yuko wapi.

Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo watu waliokuwa nje waliisikia. Akaziba masikio kwa namna nyingine: akageuza ukurasa wa abstrakti, akasoma "Likoni, feri", akaegemea kiti. "Halafu hii ni ajali ya majini. Hii yako ni bima ya barabara."

Usiku ule sikulala. Nilikaa na kile kijitabu cha masharti ambacho wakala alikuwa amenipa na mimi nikakitia kabatini, kama tufanyavyo sote. Kimeandikwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo sana. Nilisoma kwa kalamu, mstari kwa mstari, na karibu na saa nane usiku nikakipata kipengele: chombo kinalindwa kikiwa kinasafirishwa kwa barabara, kwa reli au kwa njia ya maji, pamoja na kupakiwa na kupakuliwa. Kupakuliwa! Mimi nilikuwa nafanya nini pale kwenye chuma kama si kushuka?

Asubuhi nikarudi, nikakiweka kidole hapo hapo mbele yake. Salamu sikutoa, Mungu anisamehe. Alisoma, midomo ikimtembea, akasema, "Haya, nitauliza Nairobi." Na Nairobi, enyi ndugu zangu, haijibu kwa siku mbili. Zilipita wiki. Pikipiki imekaa kwa fundi wangu Majengo imefunikwa turubai, hairuhusiwi kuguswa hadi asesa, mkaguzi wa kampuni anayekadiria hasara, aione. Nikapanda matatu, nikavuka feri kwa miguu, na kila nikishuka nakanyaga pale pale nilipoangukia.

Nilipomwambia kijana kwamba sasa naandika barua kwa IRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, siku ya tatu asesa alikuwa ameshafika Majengo. Mwenye kesi kama yangu alishike hilo. Na kila unalowaambia liwe kwa maandishi, si kwa mdomo.

Asesa alikuwa mzee wa makamo, mtu mzima. Alifika akatoa salamu kwangu, akatoa kwa fundi, akatoa hata kwa kijana anayeosha vipuri. Akaniuliza, "Umeumia, binti yangu?" Alikuwa wa kwanza katika kampuni nzima kuniuliza hilo. Kisha akatandika gunia, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye tangi taratibu kama mtu anayepapasa jipu la mtoto. Na ndiye huyu huyu aliyenikata! Makadirio ya fundi yalikuwa 164,000, vipuri karibu vyote vya kuagiza. Mzee akaondoa 38,000 za uchakavu, kwamba plastiki na kava si mpya, bima hailipi kipya kwa cha zamani. Alinieleza kila kipande na sababu yake. Nilimwambia, "Sawa, mzee wangu." Sikumkasirikia hata kidogo, na hapo nikajua kilichokuwa kinanichoma si pesa.

Ila pesa nazo zina hesabu yake. Zilibaki 126,000. Ikaja ekses, sehemu ambayo mwenye chombo anabeba mwenyewe katika kila ajali: kwangu asilimia 5 ya thamani, 55,000. Nikalipwa 71,000. Nimetia zaidi ya 115,000, nimetoka na 71,000, na punguzo la mtu asiyedai nimelipoteza kwa sababu nimedai. Na pikipiki kubwa huangukaje? Huanguka hivi hivi. Kwenye mchanga wa kona, kwenye lango la nyumbani, kwenye feri. Maanguko madogo ya elfu arubaini, elfu hamsini, yote yanaishia ndani ya ekses, kampuni hailipi kitu. Ndiyo maana nikaanza kwa kusema msikate. Ile thadi pati ni bei ndogo, na Sura ya 405 ya sheria za Kenya inakulazimisha uwe nayo kabla ya kutia gurudumu barabarani. Ukimgonga mtu akaumia au akafa, hiyo ndiyo inayosimama, na sheria imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mtoto yule aliyeniokotea indiketa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ingekuwa mguu wake ndio uko chini ya ule uzito, thadi pati ingemhudumia. Pikipiki yangu isingepata hata senti.

Nimefika hapa na mkono umesita, kwa sababu kuna jambo nalikwepa tangu mwanzo.

Sisi wa Likoni hatujasahau Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likadondoka kutoka kwenye feri katikati ya mlango wa bahari, mama na mwanawe wakazama nalo. Siku zile tulikuwa tunasimama ukingoni tukitazama wapiga mbizi, hakuna aliyekuwa akizungumza. Roho haina bima ya kuirudisha. Lakini nilipokuwa nimelala pale kwenye chuma, upande wangu wa kushoto kulikuwa na ukingo, na chini ya ukingo maji meusi yanavuta kurudi baharini. Ingeteleza zaidi kidogo, mimi ningeruka, yenyewe ingekwenda. Au usiku mmoja waje wezi na pikapu waibebe uani, mara ngapi tumesikia? Mimi 55,000 naweza kuzitafuta. Hata 164,000, kwa tabu, naweza. 1,100,000 nyingine siipati tena katika maisha haya. Kwa hivyo kama chombo chako ni cha bei ambayo kikipotea huwezi kununua kingine, basi kata bima kubwa, na jiambie wazi kwamba unanunua ulinzi wa kuzama na kuibwa na kuteketea, si wa mikwaruzo. Pesa ya mikwaruzo jiwekee mwenyewe. Na kabla ya kulipa uliza ekses ni kiasi gani kwa shilingi, si kwa asilimia, kwa sababu asilimia 5 inasikika ndogo mpaka siku unaitoa. Uliza ni gereji gani itatengeneza. Walitaka kunipeleka kwenye gereji yao ya boda na mimi nikakataa, fundi ambaye hajawahi kufungua pikipiki kama hii hatajifunzia kwangu.

Kwa hivyo nimegeuka, nasema kateni? Nasema hivyo kwa kichwa. Moyo ukikumbuka "mwenyewe yuko wapi" unasema hapana, heri izame kuliko kusimama tena mbele ya meza ile. Najua si maneno ya mtu mzima, ila ndivyo ninavyohisi, na nimeahidi kuwaambia ukweli. Kijana yule angeinua kichwa tu, akasema "Aleikum salaam, dada, pole na ajali," ningechukua 71,000 zangu nikaenda, na leo ningekuwa nawasifu.

Bima yangu imekwisha muda. Pale sikurudi. Nimekwenda kwa kampuni nyingine, akanipokea mama mmoja, na kabla ya bei nimemwandikia swali moja: nikianguka nikishuka feri Likoni, maji yamekupwa, mnalipa au hamlipi? Nimetaka jibu kwa karatasi, lenye sahihi na mhuri. Amesema ataleta wiki hii. Kwa sasa nimekata thadi pati ya mwezi mmoja, pikipiki imepona, na nikienda mjini nazunguka na Dongo Kundu, mbali kama kulivyo.